Macho Yako, Barua Yangu

Mwaka 1983, nikiwa darasa la nne, nilikuwa msomaji wa barua za bibi yangu. Tuliishi Ngamiani, Tanga, katika nyumba ya vyumba sita na ua mmoja, ambamo mtu akipiga chafya chumba cha mbele, aliyeko jikoni humwombea rehema. Mjomba wangu alikuwa akifanya kazi Muscat. Barua zake zilifikia sanduku la posta la mwenye duka wa jirani, maana sisi hatukuwa na sanduku letu. Bibi aliisoma Kurani vizuri sana, lakini herufi za shuleni hakuzijua. Kwa hiyo barua ikifika, niliitwa mimi.

Bibi alikuwa na utaratibu wake. Kwanza aliigeuza bahasha akapitisha kidole juu ya gundi. Akikuta gundi imekunjamana au ukingo umechanika, hakusema neno, ila jibu la barua ile halikupita posta. Lilingoja msafiri anayeaminika. Kisha alifunga mlango, akanikalisha mkekani karibu na magoti yake, nikasoma kwa sauti ya chini. Nikimaliza aliikunja barua, akaitia katika kibweta chake, akaniambia maneno yale yale kila mara: "Macho yako, barua yangu."

Nilielewa. Nilikuwa nimemwazima macho tu. Yale ambayo macho yaliyaona hayakuwa mali yangu. Zilikuwamo habari za madeni, za ndoa, za maradhi. Bibi amekwishatangulia mbele ya haki, na yaliyokuwamo katika barua zile sijamwambia mtu mpaka leo. Hapa pia sitayasema.

Nimeanza na bibi kwa sababu miaka 38 baadaye nilikabidhiwa amana kubwa kuliko ile, nami nikaipoteza kwa muda wa nusu dakika.

Nilikuwa mweka hazina wa kikoba cha wanawake 22, kikundi cha kuweka na kukopa fedha. Anayevijua vikoba anajua tulivyolinda fedha. Sanduku letu lilikuwa la chuma, lina kufuli tatu, na funguo zilikaa kwa watu watatu wa nyumba tofauti, ili asiwepo hata mmoja awezaye kulifungua peke yake. Hisa zilihesabiwa mbele ya wote, na jumla ikatamkwa kwa sauti kila mtu aikariri kabla hatujatawanyika. Shilingi haikupotea kwetu.

Lakini kikoba kilikuwa na sanduku la pili, na hakuna aliyeliita sanduku. Ilikuwa simu yangu. Humo zilikuwamo picha za vitambulisho vya Taifa vya wanachama wote, mikataba ya mikopo, namba za wadhamini, na zaidi ya hayo sababu za mikopo. Mtu haombi mkopo bila kueleza kinachomsibu. Mmoja mume ameachishwa kazi na majirani hawajui. Mwingine binti yake amepata ujauzito. Waliniandikia usiku, wakaniita Mwalimu, wakasema, "Hili nakwambia wewe tu." Sanduku la fedha lilikuwa na kufuli tatu. Simu ile, iliyobeba aibu na matumaini ya wanawake 22, ilikuwa na kufuli moja, na ufunguo wake niliutoa kwa mkono wangu.

Mwaka 2021 ulianza na taharuki. WhatsApp ilitangaza Januari kwamba inabadilisha masharti yake ya faragha, na simu zetu zikajaa sauti na maandishi ya kutahadharisha: Facebook, iliyoinunua kampuni hiyo mwaka 2014 kwa takriban dola bilioni 19, sasa itasoma meseji zetu. Nilikuwa miongoni mwa waliosambaza. Baadhi ya wanachama walihamia Signal, wengine Telegram, na kwa majuma mawili hatukujua tukutane wapi. Kelele zilikuwa kubwa dunia nzima hata kampuni ikasogeza mbele tarehe ya masharti yale, kutoka 8 Februari hadi 15 Mei. Nilimwogopa mtu wa mbali, Marekani, aliyekaa mbele ya mashine akisoma habari za kikoba chetu. Mlango wa karibu sikuutazama.

Ilikuwa wiki ya pili ya Ramadhani, mwishoni mwa Aprili. Saa kumi na mbili jioni, uji ukiwa jikoni na adhana ikikaribia, ujumbe uliingia kutoka namba ya mwenzetu mmoja: "Mwalimu, samahani sana. Kuna tarakimu sita nimezituma kwako kwa makosa. Naomba unirudishie haraka." Nikafungua meseji za kawaida, nikazikuta tarakimu kweli. Chini yake palikuwa na onyo kwamba nisimpe mtu yeyote. Sikusoma mpaka chini. Nilitazama nani anaomba, sikutazama anaomba nini. Nikazituma, nikarudi kukoroga uji.

Nilipomaliza kuswali Magharibi, programu ilinijulisha kwamba namba yangu imesajiliwa kwenye simu nyingine. Aliyeniandikia hakuwa mwenzetu. Alikuwa tapeli aliyeiteka akaunti ya mwenzetu siku iliyotangulia kwa njia hiyo hiyo. Sasa alikuwa ameketi katika kiti changu, kwa jina langu na picha yangu, ndani ya kundi letu, na kundi lenyewe lilimpa namba za wanachama wote.

Nilijaribu kuomba tarakimu mpya. Kila nilipojaribu niliambiwa nisubiri, na muda wa kusubiri ukazidi kurefuka. Nilipofanikiwa asubuhi, yeye alitolewa, lakini mimi pia sikuingia. Usiku ule alikuwa ameweka namba ya siri ya uthibitishaji wa hatua mbili, na mtu asiyeijua hulazimika kungoja siku 7. Ile kinga ambayo ningeiweka mimi zamani kwa dakika moja, aliiweka yeye dhidi yangu.

Kwa usiku mmoja aliandika kwa watu wengi. Maneno yake mnayajua: Nimekwama, nisaidie laki mbili, kesho asubuhi nakurudishia, tuma kwa namba hii. Wanachama wawili walituma. Nani angemkatalia mweka hazina wake, mwezi wa Ramadhani?

Wa tatu hakuwa na fedha. Aliona haya kuninyima, akaona ni lazima anieleze sababu. Akaandika ukurasa mzima. Akamweleza mtu aliyedhani ni mimi ugonjwa alionao, dawa anazonunua, na kwamba hata mumewe hajamwambia. Tapeli akamjibu kwa upole, akamuuliza maswali mawili matatu. Kisha upole ukaisha. Akamwambia atume laki tatu kabla ya daku, la sivyo ukurasa ule utabandikwa katika kundi. Dada yule alikopa usiku ule ule, akalipa.

Ameniruhusu nisimulie kisa hiki bila jina lake na bila kutaja ugonjwa.

Tulitoa taarifa polisi. Namba iliyotumika tuliituma 15040, ambayo mamlaka ya mawasiliano imeitenga kwa ajili ya kuripoti namba za kitapeli. Fedha hazikurudi, nami niliwalipa wote watatu kidogo kidogo kutoka mshahara wangu hadi deni likaisha. Lakini deni la maneno halilipiki. Maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku ile dada yule kila akiona watu wawili wananong'ona hudhani ni habari zake.

Mpwa wangu, aliyesomea kompyuta Dodoma, alikuja sikukuu ya Idi akanikuta bado nimenyong'onyea. Nilimwambia kwa hasira, "Si walisema meseji zimefungwa, hakuna awezaye kuzisoma?" Akaniambia, "Shangazi, hawakusema uongo. Kaa nikueleze."

Nilichojifunza kwake siku ile kimenifaa kuliko semina yoyote. WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton. Koum alizaliwa Ukraine zama za Umoja wa Kisovieti, mahali ambapo watu walichelea kusema mambo yao kwenye simu kwa kuhofia wanaosikiliza. Aprili 2016 kampuni yao ilitangaza kwamba kila ujumbe, picha na simu vinafumbwa toka mwanzo hadi mwisho, kwa kanuni ile ile iliyotengenezwa kwa ajili ya Signal. Maneno yanafumbwa ndani ya simu ya mtumaji na kufumbuliwa ndani ya simu ya mpokeaji tu. Njiani ni vurugu ya herufi. Kampuni yenyewe inayoyasafirisha haina ufunguo. Sisi tuna methali, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Hili ni fumbo ambalo hata mwerevu mwenye mitambo mikubwa halifumbui njiani.

"Kwa hiyo," mpwa wangu akasema, "hakuna aliyevunja kufuli lako. Barabara ilikuwa salama. Mwizi aliingia kwa mlango wa nyumba, tena ulimfungulia."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Methali hii nimeifundisha darasani miaka mingi, lakini maana yake niliionja siku ile. Mdomo wa mtungi una kifuniko, lakini kata huingia na kutoka kila siku. Katika mawasiliano yetu kata ni sisi: mkono unaoshika simu, kidole kinachonakili tarakimu sita, fundi tunayemwachia simu ikiwa wazi na kumpa namba ya siri "ili aijaribu," rafiki anayepiga skrinshoti ya msiba wa mwenzake akaipeleka kundi jingine. Hesabu ngumu za wanasayansi hulinda maneno yakiwa safarini. Yakishafika, ulinzi wake ni uaminifu.

Alinieleza pia jambo ambalo kelele za Januari zilitupotosha juu yake. Masharti yale mapya hayakuipa kampuni ufunguo wa mazungumzo yetu. Na wale waliohamia Telegram wakidhani wamekimbilia ngomeni, mazungumzo ya kawaida ya huko hayafumbwi toka simu hadi simu. Ni lazima mtumiaji afungue mwenyewe mazungumzo ya siri, nayo ni ya watu wawili tu, kundi halimo. Tulikuwa tumetoka kwenye chumba kilichofungwa tukaenda ukumbini, kwa kukimbilia usalama.

Hata hivyo hofu ya Januari haikuwa bure kabisa. Bahasha hata ikifungwa vizuri ina anwani na muhuri wa tarehe. Nilimkumbuka mwenye duka wa utotoni. Hakuwahi kusoma barua ya mjomba, lakini alijua inatoka Muscat, alijua inakuja baada ya muda gani, na mwezi ambao haikuja alijua kabla yetu kwamba kuna jambo. Ndivyo zilivyo kampuni hizi. Maneno yako hayasomwi, lakini unaandikiana na nani, saa ngapi, na mara ngapi, hayo yanaweza kujulikana. Anayempigia daktari wa aina fulani mara tatu kwa wiki ameshasema mengi kabla hajafungua kinywa.

Kisha akaniuliza swali lililonikumbusha bibi: "Shangazi, usiku ule hakuna mwanachama aliyeona mstari mdogo ukisema kwamba msimbo wa usalama wako umebadilika?" Kila mazungumzo ya WhatsApp yana tarakimu 60 zinazothibitisha kwamba simu hizi mbili ndizo zile zile. Mtu akihamisha akaunti kwenye simu nyingine, tarakimu hubadilika, na mwenye kuwasha arifa za usalama katika mipangilio huonyeshwa. Wanachama 21 waliulizwa. Mmoja tu alikuwa amewasha arifa. Aliuona mstari ule, hakujua maana yake, akauruka. Ile ilikuwa gundi iliyokunjamana. Bibi, asiyejua herufi, angepitisha kidole akanyamaza, na jibu lake lisingepita njia ile.

Baada ya hapo nilianza kuona mambo ambayo nilipita juu yake miaka yote. Nilikwenda steshenari kutoa nakala ya mkataba. Kama kawaida yetu, kijana wa pale aliniambia, "Mwalimu, tuma kwa WhatsApp ya ofisi." Alipofungua kompyuta nikaona faili za wateja wa wiki nzima zimepangana kwenye kioo: vitambulisho, vyeti vya ndoa, barua za kuomba kazi zenye namba za simu, majibu ya vipimo vya hospitali ya mtu ninayemfahamu kwa sura. Kijana hakuwa mwizi. Hakuna aliyewahi kumwambia afute. Nilimwomba afute yangu mbele ya macho yangu, na nikamwomba kila jioni afute za wengine.

Niliporudi nyumbani nilifungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa katika simu yangu. Niliikuta kompyuta moja imeunganishwa tangu siku nilipochapisha ripoti ya shule kwenye duka la intaneti nikaondoka bila kujitoa. Kwa muda wote ule barua za watu walioniamini mimi zilikuwa zikisomeka, kwa yeyote aliyetaka, kwenye mashine ya watu nisiowajua.

Sheria zetu zinasema vizuri juu ya hili. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, imeunda Tume ya kusimamia jambo hili. Inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisiwekwe zaidi ya muda unaohitajika. Habari za afya ya mtu imeziweka katika kundi la taarifa nyeti. Kenya wana sheria yao tangu 2019. Nafurahi sheria hizi zipo. Lakini sheria humfikia mwenye kosa baada ya kosa, na kwa dada yangu wa kikoba hata ingefika siku ya pili ingekuwa imechelewa.

Kwa hiyo tulitunga sheria zetu. Tulikutana chini ya mwembe ule ule tunaohesabia hisa, nikasimama nikawaeleza yote, nikaomba radhi, nikaweka kazi yangu mezani. Hawakuipokea. Badala yake tulikubaliana mambo ambayo tunayashika hadi leo.

Kila mwanachama aliwasha uthibitishaji wa hatua mbili siku ile ile, pale pale, wajuao wakiwasaidia wasiojua. Tarakimu zinazokuja kwa meseji hazitolewi kwa mtu yeyote, hata akiwa mtoto wako wa kumzaa, kwa sababu hakuna mwenye haja halali nazo isipokuwa wewe. Ombi lolote la fedha linalokuja kwa maandishi linajibiwa kwa kupiga simu ya kawaida na kusikia sauti. Asiyepatikana kwa sauti hapewi. Picha za vitambulisho zikishanakiliwa kwenye daftari zinafutwa katika simu ya aliyetuma na ya aliyepokea. Mazungumzo ya mikopo tumeyawekea muda, yanajifuta yenyewe baada ya siku 7. Nakala ya mazungumzo inayohifadhiwa mtandaoni tunaifunga kwa nywila, jambo ambalo WhatsApp iliwezesha kuanzia Oktoba 2021, maana kabla ya hapo mtu aliyefunga mlango wa mbele aliacha nakala ya kila kitu ghalani bila kufuli. Na kila baada ya miezi mitatu, kabla ya kuhesabu hisa, kila mmoja hubonyeza *106# kutazama laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, kisha hufungua vifaa vilivyounganishwa, na asichokitambua hukitoa.

La mwisho ndilo gumu kuliko yote, nalo halina kitufe. Mtu akikwambia jambo lake, usilipeleke mbele. Usilipige picha. Usimsomee mumeo. Huko hakuna programu itakayokuzuia.

Watu wengi huniambia, "Mwalimu, mimi sina cha kuficha." Nilisema hivyo miaka mingi, na nilikuwa nasema kweli. Sikuwa na cha kuficha. Lakini simu yangu haikuwa na mambo yangu tu. Faragha niliyoichezea haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwanamke aliyelipa laki tatu za kukopa ili afichiwe ugonjwa na mtu asiyemjua, kwa sababu mimi nilikuwa na haraka ya futari. Wewe usiye na cha kuficha unalo la dada yako, la mgonjwa wako, la mwanafunzi wako, la mkopaji wako. Umeazimwa tu. Macho yako, barua yao.

Dada yule hakurudi kikobani. Tunasalimiana sokoni, na mara moja moja hunipigia simu. Haandiki tena.

Nakuomba basi, ndugu msomaji, kabla ya kulala leo fungua mipangilio ya simu yako, uweke namba ya siri ya hatua ya pili, na utazame ni vifaa gani vimeunganishwa na akaunti yako. Ukimaliza, ichukue simu ya mama yako au ya mzee wa nyumbani kwenu, uketi naye taratibu, umfanyie hivyo hivyo na kumweleza kwa nini. Ni kazi ya dakika chache. Mimi niliifanya nikiwa nimechelewa.